Mfuko wa Sarafu Niliokataa Kuuza kwa Pesa

Ndugu yangu msomaji, sogea karibu. Hili nakuambia kama ninavyomwambia shoga yangu tukiwa jikoni na mlango umerudishwa. Hapa Guangzhou, Uchina, watu wananijua kama mama wa nguo za watoto, yule anayewanunulia wenye maduka wa Kariakoo mizigo yao. Wachache ndio wanaojua kwamba chini ya kitanda changu kuna mifuko ya pesa mpya ambayo haijaguswa na mkono wa mtu. Usishtuke. Hazijaibwa, na jini hajazileta. Ni sarafu za yuan moja moja, zimetoka kwenye kiwanda cha serikali yao kinachotengeneza sarafu, mifuko imepigwa sili, na kila mfuko nimeuchukua benki, noti zangu mkononi.

Mimi shule ya mchana niliiacha darasa la tano, mama alipougua. Kusoma nilisoma ukubwani, ngumbaru, jioni, mtoto mgongoni. Nikafurahi nikadhani nimemaliza. Kufika huku nikajikuta niko ngumbaru upya, maana maandishi yao nilikuwa nayaona kama nyayo za kuku. Unanunua mzigo kwa kidole na kikokotoo tu, mtu anakuandikia namba, wewe unaandika yako, basi.

Pale mtaa wa Dengfeng, juu ya duka la simu, kulikuwa na mama mmoja wa Kichina, mwalimu mstaafu, anafundisha wageni jioni bila kutoza kitu. Anamwaga sarafu mezani, anauliza bei, wewe unahesabu kwa lugha yake. Ukikosea anazirudisha zote, unaanza upya. Siku niliposoma mwenyewe kila kilichoandikwa kwenye sarafu, jina la benki yao, thamani na mwaka, wala sikubabaika, alifungua pochi akatoa sarafu moja mpya kabisa, inang'aa kama jicho la samaki aliyetoka majini sasa hivi, akanibandika kiganjani.

"Hii usinunulie kitu," akaniambia.

Sijainunulia kitu mpaka leo.

Hapo ndipo nilipokamatwa na sarafu. Yule mwalimu ndiye aliyenieleza kwamba karibu na mwaka mpya wao benki huletewa sarafu za mwaka ule, na ukiwahi unaweza kuchukua mfuko mzima ulivyotoka kiwandani. Nikaenda na pasipoti yangu na baibui langu nikapanga foleni. Binti wa kaunta akaniangalia.

"Mfuko mzima?"

"Mzima."

"Mama, unakwenda kucheza zile mashine za kunyakua midoli?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilitoka na mfuko wangu, mzito kama mtoto wa mwaka mmoja aliyelala.

Sasa sikiliza kilichonipata na mfuko huo wa kwanza. Wewe kama umewahi kununua mzigo soko la nguo la Zhanxi unajua sheria yetu: usilipe robota la nguo kabla hujalifungua. Juu watakuwekea suruali safi, chini matambara. Nimeshalia na marobota mimi. Kwa hiyo nilipofika chumbani nikachukua mkasi, nikakata sili, nikamwaga sarafu zote kwenye shuka nikazikagua moja moja. Zote nzima, zote mpya. Nikaridhika, nikazirudisha, na kesho yake nikaupeleka mfuko soko la wakusanyaji wa sarafu kwenda kujidai. Huko kuna mzee mmoja mwenye kibanda, ana kioo cha kukuzia kimefungwa kamba shingoni. Tunamwita laoban, yaani bosi, kama tunavyowaita wenye maduka wote.

Akaushika mfuko, akatazama mdomo wake. "Nani amekata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nihakikishe mzigo."

Yule mzee alicheka mpaka akavua miwani akapangusa macho. "Mama," akasema, "mfuko ukiwa umefungwa ni mkusanyo. Ukishafunguliwa ni chenji."

Nikajifunza. Zile sarafu nilizimwaga kwenye bakuli, na bakuli lile linafanya kazi mpaka leo: mwalimu aliporudi kijijini kwao, mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti chake. Kila Jumapili jioni wadada wapya kutoka nyumbani wanakaa chumbani kwangu, namwaga sarafu, nauliza bei, wakikosea nazirudisha. Mimi wa darasa la tano.

Tangu hapo kila mwaka nachukua mfuko mmoja na siufungui. Naupangusa vumbi, naurudisha uvunguni. Na kila Ramadhani natoa zakati yake, maana hata ikifungwa sili kumi, pesa ni pesa. Hilo nakuomba ulishike, kwa sababu hadithi yote imesimama juu yake.

Mwaka jana binti yangu mkubwa alinipigia kutoka Dar. Amejifunza ushonaji, ana vyerehani viwili vya kawaida Tandika, na mkono wake ni mzuri, nasema mimi ingawa ni mama yake. Sauti yake ilikuwa juu juu.

"Mama, nimepata kazi ya shule. Shule nzima! Sare zote, na nembo kifuani."

"Alhamdulillahi!"

"Lakini nembo wanataka zidariziwe. Sina mashine ya kudarizi. Wamesema nisipokuwa nayo shule ikifunguliwa, kazi wanampa fundi mwingine."

"Mashine yenyewe huko bei gani?"

Akanitajia. Nikakaa kitandani. Huku ingekuwa nafuu kuliko huko, lakini pesa yangu yote ilikuwa imeshaingia kwenye mizigo ya watu na kwenye nafasi ya kontena. Na kontena lenyewe linafungwa wiki ile ile. Mzigo usioingia humo usingefika kabla shule haijafunguliwa.

"Mama, kama haiwezekani niambie tu," akasema.

Mtoto akikwambia hivyo, ujue ameshaanza kulia kimoyomoyo. Nikamwambia anipe siku mbili.

Ninayekaa naye chumba kimoja ni mwanamke wa Tanga, anauza mikoba, ana mdomo lakini ana moyo. Alikuwa anasikiliza huku anakata vitunguu.

"Wee, si una mifuko uvunguni?"

"Hata niifungue yote niitumie, haifiki bei ya mashine."

"Nani kasema uitumie? Uza! Yule mzee wako wa kioo si aliutaka ule mfuko wa mwaka wa barakoa?"

Kweli aliutaka. Mwaka ule tulipofungiwa ndani, watu hawakwenda benki kuchukua mifuko. Mimi milango ilipofunguliwa tu nilikwenda, na barakoa yangu, nikachukua wangu. Laoban alikuwa anasema mifuko mizima ya mwaka ule imeadimika, na kila nikipita ananiuliza, "Mama, bado umelala nao?"

Kesho yake tukautia kwenye kitoroli, mimi na wa Tanga, tukaenda. Njia nzima nilikuwa najiona nakwenda kuuza kitu kama ninavyouza vitu vingine.

Laoban akautazama mdomo wa mfuko kwa kioo chake. Akaizungusha ile sili. Akatikisa kichwa kwa furaha, akachukua kikokotoo, akabonyeza, akakiweka mezani pembeni ya mfuko.

Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Kwenye mfuko kuna karatasi imeandikwa yuan ngapi zimo. Kwenye kikokotoo yuan, mara tano yake. Kama nisingejua kusoma nisingeona kitu, ningeona mfuko na kikokotoo. Lakini nilisoma huku, nikasoma na huku. Yuan kwa yuan. Pesa kwa pesa ile ile, na nyongeza juu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bu yao." Sitaki.

Laoban akatabasamu. Akafuta, akaandika namba kubwa zaidi.

"Bu yao."

Wa Tanga akaniinamia sikioni. "Ahaa, unampandisha. Endelea, shoga."

"Simpandishi."

Laoban akakuna kichwa, akaangalia sili tena, akashusha pumzi, akaandika mara kumi ya kilichomo mfukoni. Ndugu yangu, namba ile ilikuwa imeipita bei ya mashine niliyoulizia asubuhi mtaa wa mashine. Katika miaka yangu yote ya kubishana bei Guangzhou, nikipiga meza, nikijifanya naondoka, nikiapa watoto wangu watakufa njaa, sijawahi kupandishiwa bei vizuri namna ile. Na sikuwa nabishana!

"Bu yao, laoban. Samahani."

Wa Tanga alinifinya paja mpaka nikaruka. Akanivuta mpaka kwenye ngazi. "Una wazimu? Mwanao anasubiri!"

"Ni riba ile."

"Riba gani? Hujamkopesha mtu!"

"Riba si mkopo tu. Pesa ya aina moja ukiibadilisha, sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Ukizidisha umeingia."

"Lakini ile si pesa, ni kitu cha wakusanyaji. Mwenyewe kasema, mkusanyo!"

"Na zakati ninayotoa kila Ramadhani natoa ya nini? Ya mkusanyo? Wakati wa kutoa iwe pesa, wakati wa kupata igeuke bidhaa?"

"Basi akupe dola. Dola na yuan si pesa moja."

"Hapo umesema. Dola mkono kwa mkono pale pale ningechukua."

Tukarudi tukamuuliza. Laoban akaonyesha simu yake. Hana dola, hazishiki, yeye hulipa kwa simu, yuan. Tukarudi tena kwenye ngazi. Wa Tanga akakaa chini, kitoroli mapajani. "Haya wewe, shehe wa mtaa wa Xiaobei," akanitania, "mpigie basi ustadhi wako, nisije nikabeba dhambi zako."

Nikampigia ustadhi aliyekuwa anatusomesha darsa la wanawake kule nyumbani Tanzania. Nilimkuta anakunywa chai, nikasikia kikombe. Nikamweleza.

"Hizo sarafu ukienda nazo dukani leo zinapokelewa?"

"Zinapokelewa."

"Basi ni pesa. Wako wanaosema vingine, lakini umeniuliza mimi."

"Nimekuelewa, ustadhi."

"Kwani shida yako wewe ni pesa?"

Nikataka kusema ndiyo. Nikasita. "Hapana," nikasema. "Shida yangu ni mashine."

"Haya," akasema, na nikasikia anapuliza chai yake. "Mimi naona umeshajijibu."

Nikashuka zile ngazi kama msichana. Wa Tanga nyuma yangu anauliza kasema nini, kasema nini, simjibu.

Nikamwambia laoban: sitaki pesa. Nataka mashine ya kudarizi. Wewe nunua mashine, iwe yako. Halafu mimi na wewe tubadilishane, mashine kwa mfuko.

"Mei you," akasema, hakuna. Akaonyesha kabati lake la vioo. "Mimi nauza sarafu. Unaona cherehani hapa?"

"Ipo mtaa wa mashine."

"Basi chukua pesa, nenda kanunue! Si ile ile?"

"Kwako ni ile ile. Kwangu siyo."

Akamgeukia wa Tanga kama anayemuuliza, huyu mwenzako mzima? Wa Tanga akapandisha mabega. "Mimi nimeshamfinya," akasema kwa Kiswahili. "Imeshindikana."

Laoban akaanza kuusukuma mfuko kwangu. Niliuona unakuja, na nyuma yake nikaiona mashine inakwenda, nikamwona mwanangu anampelekea fundi mwingine vipimo vya watoto wa watu. Nilitamani kusema neno kubwa na Kichina changu kidogo. Nikakumbuka kitu.

"Laoban, unakumbuka ule mfuko wangu wa kwanza? Niliokata?"

Akacheka tena, hata katika hasira yake. "Sitausahau."

"Sarafu zilikuwa mpya?"

"Mpya."

"Zimepungua?"

"Hazikupungua."

"Mbona hukuutaka?"

"Sili! Nimeshakwambia, sili ikikatwa, imekwisha."

Nikaweka mkono kifuani. "Na mimi nina sili yangu, laoban. Pesa zako nzuri, wala hazijapungua. Lakini nikizichukua hivyo, nimekata."

Akaivua ile kamba ya kioo shingoni, akakitia kioo mfukoni, akafunga kabati lake, akamwita jirani amwangalizie kibanda.

"Twende," akasema. "Lakini mimi sijui cherehani. Usiniache wanidanganye."

Basi ungetuona barabarani: mzee wa Kichina mbele, mimi na baibui langu katikati, wa Tanga nyuma anakokota kitoroli na kulalamika kwamba tangu azaliwe hajaona biashara ya kubembelezana kama hii. Mtaa wa mashine nilichagua mimi. Niliwasha, nikajaribu sindano, nikanusa mota kama imeungua, nikamwambia muuzaji afungue mpaka chini, kwa sababu mashine si sarafu, mashine lazima uifungue. Laoban ndiye aliyebishana bei. Alibishana kwa Kikantoni chao kile cha kuimba, kwa ukali ambao sikujua anao, na aliishusha bei mahali ambapo mimi mgeni nisingefika hata kwa machozi. Akalipa kwa simu yake, risiti ikaandikwa jina lake.

Tukatoka nje. Mashine juu ya mkokoteni, mfuko juu ya kitoroli. Akaikagua sili mara ya mwisho kwa kioo, pale pale barabarani, watu wanatupita. Nikasema kwa sauti ili wa Tanga awe shahidi: mashine yako kwa mfuko wangu, nimekubali. Akasema naye amekubali. Nikaushika mfuko nikamkabidhi, akaweka mkono kwenye mashine akanisukumia.

Ikabaki kitu kimoja. Laoban ni mtu mwaminifu. Alisema namba yake ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko bei aliyolipa, kwa hiyo bado nina haki yangu, akatoa simu anirudishie tofauti. Wa Tanga akafumba macho. "Ya Rabi, anaanza tena."

"Laoban," nikasema, "biashara yetu imekwisha, mimi nimeridhika, hunidai sikudai."

"Mimi sijaridhika," akasema. Akaturudisha dukani, akanunua nyuzi. Kijani, nyekundu, njano, buluu mbili tofauti, nyuzi za kudarizi boksi zima, akaliweka juu ya mashine. Akasema ni zawadi ya binti yangu. Zawadi sikatai.

Mashine iliingia kontena siku ya kufunga. Ilifika. Sare zilishonwa, nembo zikadariziwa, na shule ilipofunguliwa binti yangu alisimama getini asubuhi kuangalia watoto wa watu wanaingia na kazi yake vifuani. Alinipigia simu ya video kutoka pale getini, ananionyesha tu vifua vinapita. Na mimi nilikuwa mtaa wa Yide Lu katikati ya madaftari na midoli, wapagazi wananipigia kelele nipishe njia, nimesimama nalia na kucheka. Mwaka huu shule ile imempa kazi tena, na ya pili imekuja.

Juzi mgeni wa kutoka nyumbani ameniletea bahasha. Ndani kuna kifuko cha kitambaa, kidogo, cha kuingia sarafu moja, kimedariziwa ua lile lile lililoko mgongoni mwa sarafu ya yuan. Binti yangu alilitoa kwenye picha niliyomtumia. Ile sarafu ya mwalimu sasa inalala humo. Uvunguni, pale ulipokuwa mfuko wa mwaka wa barakoa, nimepaacha wazi. Wadada wa Jumapili wakinisaidia kufagia huuliza mbona mifuko imeruka mwaka mmoja, wanadhani niliukosa. Nakaa nao nawahadithia, na wa Tanga anadakia, anasema yeye ndiye aliyefinya.

Nawe nimeshakuhadithia. Sasa usikae nayo peke yako, rafiki yangu. Najua kuna mama mahali unakopita, Zhanxi au Kariakoo, ameshika kitu chake na shida yake, na watu wanamfinya paja kwamba njia ni moja tu. Ukimwona, mvute pembeni, mwagizie chai, umsimulie hii kwa mdomo wako. Jina langu haina haja ulijue. Mwambie tu mfuko ulitoka na sili yake, na mashine ilifika.